Yadi Zimejaa, Wateja Wanauliza Bei Tu

"IST, namba D, rangi ya kiwandani, AC baridi, injini haijafunguliwa, haidaiwi, milioni 11.5, maongezi yapo."

Tangazo kama hilo unaweza kulikuta jioni moja kwenye kurasa nne tano za Instagram, picha zilezile, namba za simu tofauti. Bei nayo haifanani: huku 11.5, kule 12, kwingine 12.8. Gari ni moja tu. Limeegeshwa uani kwa mtu huko Tabata, na mwenye gari anachotaka ni milioni 10 zake mkononi. Kinachozidi hapo ni cha juu cha dalali, na cha juu cha dalali mwingine aliyepenyezewa habari na mwenzake. Mnunuzi akipiga simu tatu akatajiwa bei tatu, haulizi tena gari likoje. Anajiuliza ni yupi kati ya hao watatu anayemdanganya, na akishafika hapo biashara imeharibika kabla hajaliona hata tairi.

Nimeanza na udalali makusudi, kwa sababu wenye yadi za magari Dar es Salaam wakieleza ugumu wa soko hawaanzi hapo. Wanaanza na dola, wanahamia kwenye kodi, wanamalizia kwa kusema vyuma vimekaza. Pita Kinondoni, pita Mwenge, ifuate Barabara ya Bagamoyo: magari yamepangwa bampa kwa bampa, yameoshwa yanang'aa, kijana yuko pembeni na tambara lake, na mteja anayeingia anauliza bei, anapiga picha, anaaga. Sababu wanazozitaja ni za kweli. Lakini shilingi ilipopata nguvu mwishoni mwa 2024 sikuona yadi zikipungukiwa magari. Nadhani ugumu mwingine umejificha nyuma ya dola na kodi: mnunuzi wa leo anakata bei kwa sababu hajui anachouziwa, na anayelipa gharama ya kutojua kwake ni muuzaji mkweli.

Tuwape kwanza wenye yadi haki yao, maana dola iliwachoma kweli. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa shilingi 2,300 hivi. Mwaka 2023 ikaadimika, wafanyabiashara wakawa wanazunguka benki kwa benki kuitafuta, na kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Desemba ya mwaka huo ikashuka hadi karibu 2,400, kisha miezi ya mwanzo ya 2025 ikapanda tena kuelekea 2,700 kabla ya kurudi chini. Mwenye duka la sukari msukosuko huo unamsumbua wiki mbili tatu. Mzigo ukiisha anaagiza kwa bei mpya. Mwenye yadi amefungia mtaji kwenye vyuma visivyoisha haraka. Aliyeagiza Harrier wakati dola iko 2,650, akailipia na ushuru kwa kiwango hichohicho, anajikuta jirani na mwenzake aliyeagiza Harrier ya mwaka uleule miezi michache baadaye kwa dola ya 2,400. Mteja haioni tofauti hiyo. Anaona yadi mbili na bei mbili, na moja anaiita ya mwizi.

Yeni nayo ilituhadaa. Mwaka 2024 iliporomoka hadi ikapita yeni 160 kwa dola moja, kiwango kisichoonekana tangu 1986, na watu wakategemea kwamba magari ya Japani yatashuka bei kama nyanya za msimu. Hayakushuka hivyo. Yeni dhaifu iliwaita wanunuzi wa dunia nzima kwenye minada ileile, na wauzaji wengi wa kule wanaotuuzia sisi hutaja bei kwa dola, si kwa yeni. Hata yadi zetu zenyewe zilikuwa na mazoea ya kutaja bei za magari makubwa kwa dola, mpaka kanuni za Machi 2025 zilipopiga marufuku kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Vibao vikabadilishwa. Hesabu ya kichwani haikubadilika.

Kodi inahitaji kukaa nayo kidogo, kwa sababu watu huilalamikia bila kuifungua. Chukua gari ambalo forodha imelithamini shilingi milioni 10 likiwa limefika bandarini, injini ya cc 1,300, umri zaidi ya miaka kumi. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unaongeza milioni 2.5. Juu ya hizo milioni 12.5 unakuja ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine kwa ajili ya uzee wa gari. Kisha VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla ya vyote vilivyotangulia. Ongeza tozo ndogondogo, na kodi inafika milioni 10 na ushee. Gari umelinunua mara mbili, mara moja kwa Mjapani na mara moja kwa TRA.

Tena thamani inayotozwa kodi si lazima iwe ile uliyolipa. TRA ina mfumo wake wa kukadiria magari yaliyotumika, kwa aina, mwaka na ukubwa wa injini, na kikokotoo chake kipo mtandaoni kwa kila mwenye simu. Mwenye yadi aliyebahatika kushinda mnada kwa bei ya chini hawezi kuipeleka bahati yote kwa mteja, maana kodi imehesabiwa kwa thamani ya mfumo. Ndiyo maana ukimwomba apunguze milioni mbili anakutazama kama umemtukana. Gari, meli na kodi havizungumziki. Kinachozungumzika ni faida yake, na faida hiyo ameshaanza kuila mwenyewe kwa kodi ya kiwanja, mlinzi na maji ya kuoshea.

Ile asilimia 30 ya uzee, ambayo kwa gari la miaka minane hadi kumi ni 15, iliwekwa ili tusijaze nchi magari chakavu. Majirani walikwenda njia nyingine. Kenya gari lililopita miaka minane haliingii kabisa. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Sisi tulisema leta, ila lipa. Matokeo yanaonekana kwenye foleni ya Ubungo asubuhi: IST za 2003 hadi 2007, Passo, Vitz, Raum, Spacio. Mwalimu au muuguzi akipiga hesabu anakuta kwamba gari dogo la zamani, pamoja na adhabu yake ya uzee, bado ni rahisi kuliko gari jipya zaidi lisilo na adhabu. Kodi haikuzuia gari kuukuu kuingia. Ililipandisha bei, likaingia vilevile, na sasa anayelinunua amebakiwa na pesa kidogo zaidi ya matengenezo.

Kwa hiyo ndiyo, soko ni gumu, na lingekuwa gumu hata kama kila muuzaji angekuwa mtawa.

Kuna na simu. Zamani ufundi wa mwenye yadi ulikuwa kujua bei asiyoijua mteja. Siku hizi mteja anafungua tovuti za kampuni kama BE FORWARD au SBT, anaiona Rav4 aina ileile na bei yake ikiwa bado Japani, anaingia kwenye kikokotoo cha TRA, anaongeza ada ya wakala wa forodha, halafu anakuja yadi na jibu lake mfukoni. "Kaka, hapa umeweka milioni tatu juu." Mwenye yadi anaudhika, lakini kijana wa watu hajakosea hesabu. Kilichobaki kuuzwa na yadi ni kitu ambacho tovuti haina: gari lipo, liguse, liwashe, zunguka nalo mtaa, ondoka nalo leo. Meli kutoka Japani inachukua wiki nne hadi sita hivi, na ukishalipa huna ujanja mpaka ifike. Mtu anayelipa ziada yadi analipia kuona kwa macho yake.

Sasa, kama bidhaa ya yadi ni kuona, kwa nini yadi zetu zinaficha?

Huko linakotoka gari, habari zake hazipotei. Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa mujibu wa sheria baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Ukaguzi huo wanauita shaken, na gharama zake ni moja ya sababu zinazowafanya waachane na gari ambalo kwetu lingeitwa jipya. Gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka nayo inapandishwa. Basi linapelekwa mnadani, na pale mkaguzi analijazia karatasi. Kuna mchoro wa mwili mzima wa gari, naye anaandika alama juu yake: A kwa mkwaruzo, U kwa palipobonyea, W kwa paneli iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, XX kwa iliyobadilishwa. Juu anatoa daraja: 4.5 kwa gari safi, 4, 3.5 kwa lililochoka kidogo, na R au RA kwa lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kilometa zinaandikwa. Tangu 2004 kilometa huandikwa pia kwenye hati ya ukaguzi wa serikali, na cheti kinachotolewa gari linapofutiwa usajili ili lisafirishwe nje huwa nazo vilevile.

Kisha gari linapanda meli, na mahali fulani kati ya Yokohama na Dar es Salaam kumbukumbu yote inapotea. Linashuka likiwa na kilometa 68,000 kwenye dashibodi, daraja halijulikani, paneli yenye W imekuwa "rangi ya kiwandani". Kurudisha kilometa ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye kompyuta, awe wa Japani, wa nchi ya njiani au wa hapahapa, na kila mtu kwenye biashara hii anajua hivyo. Muulize muuzaji atakuambia wengine hufanya, yeye hafanyi.

Mahali pa karatasi tumeweka herufi. Gari linathaminiwa kwa herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao chake, na mtaani unasikia "hiyo ni C", "hii D ya mwishoni", "tafuta E". Herufi hiyo inaeleza jambo moja tu: gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haisemi lilitengenezwa mwaka gani, limetembea kiasi gani, wala kama liliwahi kukunjwa kwenye mti. IST ya 2004 iliyoshuka bandarini juzi inavaa E. Gari la 2012 lililoletwa na mtu mwangalifu miaka mingi iliyopita, likabadilishwa oili kwa wakati na kulazwa chini ya paa, linavaa D, na sokoni linaonekana kikongwe. Nimeona mtu akikataa gari bora akachukua bovu kwa ajili ya herufi, kisha akajisifu kwamba ataliuza kwa urahisi. Hakukosea sana, kwa sababu anayekuja kununua kwake naye atatazama herufi.

(Majina ya utani ni habari nyingine. Nchi iliyolipa Harrier jina la Tako la Nyani na ikaendelea kulinunua kwa mamilioni haina shida ya ubunifu. Lakini angalau jina hilo linaelezea umbo lenye kuonekana.)

Kukagua, basi, kumebaki kwa fundi. Mnunuzi anakuja naye, kwa kawaida kijana wa gereji anayomwamini. Fundi anataka gari liwashwe asubuhi, injini ikiwa baridi. Anafungua kifuniko cha oili, anachungulia moshi, anapitisha kiganja kwenye kingo za milango kutafuta rangi iliyomwagikia pasipotakiwa, anafunua zulia la buti, anavuta mkanda wa kiti hadi mwisho asome tarehe ya kutengenezwa iliyoshonewa kwenye lebo. Wenye vifaa wanachomeka mashine ya kusomea makosa ya gari. Huo ni ujuzi wa kweli na nauheshimu. Ila fundi huyo mara nyingine ameshapigiwa simu na dalali njiani, na ana chake akisema gari limesimama vizuri. Akikosa chake, gari zima linageuka bovu. Mnunuzi anamlipa mtu mmoja amwondolee mashaka, anaishia kumtilia mashaka na yeye.

Hali hii inamfanya nini mtu mkweli? Jirani yangu mmoja, mama mstaafu, alikuwa anauza Raum yake. Aliitunza kama mtoto wa mwisho. Mlango wa nyuma wa kushoto uliwahi kukwaruzwa na lori la mchanga, akaupeleka ukapigwa rangi, na kila mnunuzi aliyekuja alimwambia hivyo kabla hajaulizwa.

"Mama, shikamoo. Mimi nimekuelewa," alimwambia kijana mmoja aliyekuwa ameshaanza kuhesabu pesa, "ila kama mlango umeniambia, hicho ambacho hujaniambia ni kipi?"

Akaondoka. Gari lilikaa miezi. Mwishowe mwanawe alilichukua akampa dalali, tangazo likaandikwa rangi ya kiwandani, likauzwa wiki ileile. Sielezi kisa hiki ili kumlaumu kijana. Aliyoyasema yalikuwa na mantiki ndani ya soko lisilo na karatasi: mtu anayekiri kasoro moja bila kulazimishwa ni kitu kigeni, na kigeni huogopwa.

Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya jambo hilihili mwaka 1970, na mfano aliotumia ulikuwa magari yaliyotumika. Majarida kadhaa yaliikataa kabla haijachapishwa. Mwaka 2001 akapewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba muuzaji analijua gari na mnunuzi halijui, kwa hiyo mnunuzi anatoa bei ya katikati, ya kujihami. Bei hiyo ni ndogo mno kwa mwenye gari zuri, naye anaamua kutouza. Mwenye bovu inamfaa. Magari mazuri yanajitoa sokoni, wastani unashuka, mnunuzi anashusha bei tena. Akerlof aliiandika kwa hesabu. Dar es Salaam tunaishuhudia kwa njia nyepesi zaidi: gari zuri haliendi yadi. Linauzwa kwa shemeji, kwa mfanyakazi mwenzako, kwa mtu wa kwaya moja au msikiti mmoja, kwa simu moja tu. Yanayofika kwa dalali ni yale ambayo ndugu na marafiki walishayakataa, au ambayo mwenyewe hangethubutu kumuuzia ndugu.

Wakati pesa zilipokuwa zinazunguka, yote haya yalivumilika. Mtu akiuziwa mbovu alikasirika, akaliuza kwa mwingine, maisha yakaendelea. Uvumilivu huo umekwisha kwa sababu gari sasa ni sehemu kubwa mno ya akiba ya mtu. Riba ya mikopo ya benki inazunguka asilimia 15, na anayekopa kununua gari anahesabu pia bima kubwa, ambayo kwa gari binafsi kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani yake. Mtu wa namna hiyo hatoi milioni 12 kwa maneno.

Wauzaji wamebuni njia za kuzunguka tatizo. Iliyoenea zaidi ni kubadilishana: lete gari lako, ongeza pesa, chukua hili. Inaonekana ni huruma kwa mteja asiye na fedha taslimu. Ukiitazama vizuri, muuzaji amenunua gari moja kwa bei ya kujihami na kuuza jingine kwa bei kamili, na sasa ana gari jingine lisilo na karatasi la kumtafutia mtu. Yadi haikupungua hata nafasi moja ya maegesho.

Nyingine ni mkataba. Mwenye IST au Passo anampa dereva wa Bolt, dereva analeta hesabu kila wiki kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, kisha gari linakuwa lake. Hapo gari haliuzwi tena kwa sifa zake, linauzwa kwa uwezo wa kijana kuamka alfajiri. Nalo soko hilo hutikisika kwa mambo yasiyohusu magari: Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma nchini kufuatia ukomo wa kamisheni uliowekwa na LATRA, ikarejea mwaka uliofuata, na wenye mikataba walikaa miezi hiyo wakishika roho. Siku hizi tangazo la gari la mkataba linaongeza maneno "lina gesi", kwa sababu dereva anayejaza gesi asilia anabakiza zaidi kuliko wa petroli. Mnunuzi wa familia anasikia maneno hayohayo anawazia mtungi uliokula buti. Mkataba, kwa maoni yangu, ndio uuzaji mkweli kuliko wote sokoni kwa sasa, maana mwenye gari anajua kwamba likifa mwezi wa tatu hesabu zake zimekufa nalo, kwa hiyo anatoa gari zima. Anabeba sehemu ya hatari ya gari lake mwenyewe. Yadi haibebi yoyote. Ukitoka getini ni lako na Mungu wako.

Haya yote yangeweza kuwa malalamiko ya kawaida kama ushahidi haungekuwepo. Upo, na haupo Japani. Ili gari litolewe bandarini, wakala wa forodha huwasilisha nyaraka zake za huko lilikotoka, na miongoni mwake ni kile cheti cha kufutiwa usajili chenye kilometa za ukaguzi. Maana yake ni kwamba kwa kila gari lililotumika lililoingia kwa njia halali kutoka Japani, kuna karatasi kwenye faili inayoweza kumaliza ubishi wa dashibodi kwa dakika moja. Inatumika mara moja, kodi ikilipwa inafungwa. Mnunuzi wa kwanza hapewi, wa pili hajui kama iliwahi kuwepo. Tunachokikagua kabla ya kununua gari la mkononi ni faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA, kwa kuingiza namba ya gari mtandaoni. Serikali imetuwezesha kuona gari linadaiwa nini na serikali. Limetembea kiasi gani hatuoni.

Kuiweka kilometa hiyo kwenye mfumo uleule, au kuichapa kwenye kadi ya gari siku ya usajili, si kazi kubwa kwa TRA. Cheti hakitamaliza kila ujanja. Kilometa zilizomo ni za ukaguzi wa mwisho, huenda ni wa mwaka au miaka miwili kabla ya mnada, na baada ya gari kuingia nchini kila mtu anaweza kulichezea. Lakini gari lenye 112,000 kwenye cheti na 68,000 kwenye dashibodi halitaweza tena kuitwa la mama wa kanisani aliyekuwa akienda nalo ibada Jumapili tu.

Najua watakaopinga. Mwenye yadi aliyejaza magari ya daraja R atasema nataka kumfilisi, na kwa mzigo alio nao leo atakuwa anasema kweli: karatasi zikitoka, gari lake litashuka bei palepale. Dalali naye atapoteza, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kusimama kati ya watu wawili wasiojuana. Mnunuzi aliyezoea herufi atapotea njia kwa muda, maana ataambiwa D hii ni bora kuliko E ile na hatakuwa na pa kuificha aibu yake. Siwaonei huruma sawasawa. Wa kwanza namwonea, kwa sababu wengi wao waliuziwa bila kuonyeshwa karatasi na wao wamepitisha mbele tu walichopokea.

Ila mwenye yadi anayeagiza mwenyewe hahitaji kuisubiri serikali. Karatasi ya mnada aliiona kabla ya kununua, ndiyo aliyoitumia kuamua dau, na nakala yake anaweza kuiomba kwa aliyemuuzia. Nakala ya cheti anayo wakala wake wa forodha. Azibandike kwenye kioo cha mbele pamoja na tafsiri ya zile alama, A, U, W na XX, mteja azisome kabla hajafungua mlango. Na aanze na magari yaliyokaa yadi zaidi ya miezi mitatu. Hayo wateja wameshayatilia shaka, na bei zake ameshaanza kuzishusha.